Mfuko wa Ndani wa Koti la Anord

Pale Uyole, Sabina anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza, sare zake za shule hazifumuki. Mtoto anaweza kuparamia miti nazo mwaka mzima na mshono ukabaki pale pale. La pili, hashoni sanda. Ukimpelekea kitambaa cheupe cha msiba, atainuka, atakusindikiza hadi kibanda cha pili kwa jirani yake Tumpe, atakuombea ushonewe upesi, kisha atarudi kwenye cherehani yake bila kusema neno.

Sababu ya hilo la pili aliijua mumewe tu. Baba yake Sabina, mkulima wa Kalenga, alikuwa mtu wa kuchelewa katika kila kitu, hata misa. Ijumaa moja aliamka mapema, akaenda kulipa michango yake yote ya chama cha kuzikana, ya nyuma na ya mbele, akarudi akitamba kwamba sasa hata akifa hatamsumbua mtu. Jumapili walimkuta kitandani amekwisha kupoa, risiti ikiwa bado mfukoni. Sabina alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu siku hiyo kila kitu cha kuandaa kifo alikiita uchuro, na hakutaka kilale chini ya paa lake.

Mumewe, Anord Kalinga, alikuwa fundi wa springi za malori. Alianguka gerejini asubuhi moja ya mwezi wa pili akiwa ameshika spana, na kabla gari halijafika hospitali alikuwa ameshaondoka. Presha, daktari alisema. Walimsafirisha kwenda kwao Ifunda, wakamzika kando ya baba yake, na matanga yalipoanuliwa Sabina alirudi Uyole na binti yao Happy, aliyekuwa kidato cha tatu.

Wiki ya nne, Tumpe aliingia kibandani akiwa na kikombe cha chai mkononi, akakaa juu ya gunia la vipande vya nguo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kunyamaza, lakini siku hiyo aliizungusha chai yake muda mrefu kabla ya kufungua mdomo.

"Mama Happy, nikuulize kitu usije ukaninunia."

"Nikikununia utakwenda wapi? Uliza."

"Baba Happy hakuwa na bima?"

"Tulikuwa tunatibiwa wote kwa ile kadi, si unajua."

"Siyo ya kutibiwa. Ya maisha. Ile mtu akifariki, nyumbani wanalipwa. Kuna mama mmoja Igawilo amelipwa mwaka jana, kamaliza nyumba, kapaka na rangi. Rangi yenyewe mbaya, ila kapaka."

"Hakuwa nayo," Sabina alisema.

"Una hakika?"

Mguu wake ulisimama juu ya pedali. Alitaka kusema ndiyo, akaona hawezi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Walikuwa wamepanga vyumba viwili karibu na soko, na kiwanja chao kilikuwa juu kidogo, kuelekea mlimani, kikiwa na nyumba iliyoishia kwenye lenta, haina paa. Ukoo wa kina Kalinga haukuwa na ubaya. Siku ya kuanua matanga walimwambia kwa upole kwamba akishindwa kulipa kodi, mwisho wa mwaka afunge vitu vyake arudi Ifunda, chumba kipo, na Happy atatafutiwa shule ya huko. Sabina alikuwa ameitikia. Lakini kibanda chake, wateja wake na shule ya Happy, vyote vilikuwa Uyole. Kama ilikuwepo bima, paa lingepatikana, wangebaki. Kama haikuwepo, wangehama. Na chini ya hilo lilikuwepo lingine ambalo hakumwambia hata Tumpe: kama haikuwepo, basi aliyeizuia alikuwa yeye.

Maana miaka miwili nyuma, Jumapili moja ya mwezi wa tatu, Anord alitoka kanisani na mgeni: Msukuma mrefu, mpole, mwenye faili la bluu. Alikuwa wakala wa bima. Alikunywa chai, akasifu maandazi, kisha akaanza kueleza kwa sauti ya chini nini kitatokea Anord akifa. Sabina aliondoa kikombe chake mezani kabla hajamaliza. Mgeni alipotoka, ndipo wakagombana, na haukuwa ugomvi wa mzaha.

"Unakaa na mtu mezani kwangu mnapanga tarehe yako ya kufa?"

"Hakuna aliyepanga tarehe, Sabina. Ni karatasi."

"Hata ya baba ilikuwa karatasi."

"Baba yako alikuwa mgonjwa, mlikuwa hamjui tu."

"Ukijaza hiyo fomu mimi narudi Kalenga. Nakwambia mbele ya mtoto aliye tumboni."

Alikuwa na mimba changa wakati huo, ya pili baada ya miaka mingi ya kusubiri. Anord alimtazama, akaikunja ile fomu mara nne, akatoka nje. Hawakulitaja tena. Na mwaka ule ulikuja kuwa na mengine. Mwezi wa nane Sabina alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tumpe ndiye aliyeshona kile kitambaa kidogo. Baada ya hapo ni nani angekumbuka fomu?

Sasa aliikumbuka. Alipekua sanduku la bati, Biblia, bahasha ya vyeti vya Happy, chini ya godoro, nyuma ya picha ya harusi. Alikwenda gerejini. Filemoni, mwenye gereji, alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema yeye hakati mshahara wa mtu kwa bima yoyote, kila mmoja na lake. Mtu mwenye faili la bluu alimwona, ndiyo, alikuja kumtafuta Anord mara mbili tatu. Kampuni gani? Hakuuliza. Simu ya Anord ilikuwa na namba za siri ambazo alikwenda nazo kaburini. Na kampuni za bima Mbeya mjini si moja wala mbili; angeingia kila mlango aseme nini?

Kilichomrudishia kumbukumbu si kichwa, ni vidole. Alikuwa anashona mfuko wa kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza, akakunja pindo, akapitisha uzi, na mkono wenyewe ukakumbuka mfuko mwingine. Anord aliwahi kuibiwa pochi sokoni Mwanjelwa, na Sabina alimshonea mfuko ndani ya koti lake la kaki, chini ya kwapa la kushoto, katikati ya kitambaa na bitana, mahali ambapo hata mwizi mwenye vidole vya sindano asingefika. Kila kitu chake cha maana Anord alikiweka humo. Na lile koti Sabina mwenyewe alikuwa amelikunja na kulitoa, siku ya kuanua matanga, bila kulipapasa.

Kwao Anord, nguo za marehemu hugawiwa siku hiyo mbele ya watu wote, na koti lilimwangukia mdogo wake, Saulo. Shangazi alimvalisha, akamfunga vifungo, na wanawake wakalia upya kwa kuyaona mabega yale yale. Nguo ikishavalishwa hivyo hairudi. Mjane anayeifuata huonekana amesema kwa vitendo kwamba undugu umeishia kaburini. Sabina alilijua hilo vizuri. Alikaa nalo siku tatu, akila bila kusikia ladha, kisha akapanda basi la asubuhi kwenda Ifunda.

Mama mkwe wake, bibi Apolonia, alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akichambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu." Bibi alimtazama juu hadi chini. "Umekonda. Na hukusema unakuja."

"Nimekuja kuwaona tu."

"Umefanya vizuri," bibi alisema, akamsogezea kigoda, akaendelea kuchambua. Lakini macho yake hayakurudi kwenye maharage moja kwa moja.

Saulo alifika kutoka kugema mianzi yake akiwa na dumu la pombe ya ulanzi, na koti alikuwa amelivaa. Sabina alijikaza asilitazame. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimeshachanika.

"Shemeji, umejileta mwenyewe," Saulo alisema, akatua dumu. "Nilikuwa nasema kwa mama, huyu tutamfuata na kamba. Sasa niambie ukweli, umekuja kwangu au umefuata koti?"

Ulikuwa utani wa kawaida wa shemeji na shemeji, na siku nyingine Sabina angemjibu kwamba koti ni zuri, tatizo ni aliyemo. Siku hiyo alitaka kucheka, midomo ikakataa.

"Umechana kiwiko," alisema. "Ukivaa hivyo watu watasema mlishonewa na fundi gani. Livue nikushikizie."

Saulo alivua, akampa, akaingia ndani kutafuta vikombe. Sabina alitoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, mahali anapoichomeka siku zote, akalipakata koti. Lilikuwa bado na harufu ya grisi. Aliingiza mkono chini ya kwapa, akaukuta mdomo wa mfuko, na ndani yake vidole vikagusa kitu kikavu kilichofungwa kwenye nailoni.

Angeweza kukichomoa. Saulo yuko ndani, bibi ana maharage yake. Angekitia kifuani, akashona kiwiko, akalala, na kesho akaondoka na heshima yake yote. Mkono ulibaki pale pale ndani ya bitana.

"Kiwiko kiko upande huu," bibi Apolonia alisema kwa utulivu. "Hapo unatafuta nini, mwanangu?"

Basi Sabina akasema. Alisema yote, kuanzia Tumpe na chai yake hadi Msukuma wa faili la bluu, na Saulo alirudi na vikombe akasimama mlangoni akisikiliza. Alipofika kwenye koti akautoa mkono, mtupu. "Sikuja kulichukua," alisema. "Naapa, mama. Kilichomo tu."

Saulo aliweka vikombe chini. Ilionekana imemuuma, na ilionekana anaukumbuka utani wake.

"Ungesema tu, shemeji. Mimi ni mtu wa kunifichia?" Kisha akakaa chini. "Mwezi mzima nalivaa nasikia kitu kinanikwaruza ubavuni. Nikasema huyu ni kaka, ananikumbusha sijapalilia kaburini. Jana nimepalilia. Bado kikawa kinakwaruza."

Bibi Apolonia alicheka kidogo, halafu kicheko kikageuka, akajifuta kwa upindo wa kitenge.

Ndani ya nailoni ilikuwa stakabadhi moja, imekunjwa mara nne. Saulo ndiye aliyeisoma kwa sauti, kwa kuwa mama yake hakujua kusoma. Jina la kampuni, ofisi ya Mbeya. Jina la Anord Kalinga. Malipo ya kwanza ya bima ya maisha. Wakala: Bujiku Makoye. Tarehe tisa Aprili.

"Soma tena tarehe," Sabina alisema.

"Tisa Aprili. Ya mwaka juzi."

Wiki mbili na siku chache baada ya ugomvi wao. Kumbe alikwenda. Alimkubalia mezani kwa kunyamaza, kisha akaenda zake akajaza.

"Alikuwa anawaza mbele," bibi Apolonia alisema. "Huyu tangu utoto alikuwa akichimba shimo la viazi anachimba mawili."

"Basi huhami, shemeji," Saulo alisema. "Tutakosa mtu wa kupika hapa, lakini huhami." Alilichukua koti, akalikunja, akamrudishia. "Nenda nalo, kiwiko ukakishone kwa mashine. Ila lirudi. Wasije wakasema nimevuliwa."

Usiku ule Sabina alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa na hasira kidogo kwa Anord kwa kumficha, hasira tamu, ya mtu ambaye bado ana wa kumkasirikia.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, Mbeya mjini, na Sabina alipanda ngazi akiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, kitambulisho na barua ya mtendaji, vyote kwenye mfuko mmoja aliokuwa ameushona jana yake. Dada wa mapokezi aliitwa Prisca, msichana makini, mwenye kusema pole kama anaimaanisha. Aliichukua stakabadhi, akaandika kwenye kompyuta, akasoma. Akasoma tena. Kisha akainuka kwenda kumwita Bujiku.

Bujiku Makoye alimtambua Sabina papo hapo. Hakuleta faili la bluu. Alileta faili la kaki, jembamba, na alikaa upande wa Sabina wa meza, si upande wa pili.

"Pole sana, mama. Sikuwa nimesikia."

"Asante."

"Bima ilikuwepo," alisema. "Alilipa miezi mitano. Mwezi wa tisa akaja mwenyewe kuisitisha."

Sabina aliitazama meza. "Kwa sababu yangu," alisema. "Nilimkataza."

Bujiku alifungua faili, akaligeuza limwelekee. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko mnene wa Anord, ule wa kuandikia oda za springi.

*Yah: Kusitisha bima yangu. Mimi Anord Kalinga naomba nisitishiwe bima kuanzia mwezi huu. Si kwa kukosa pesa. Mke wangu alinikataza tangu mwanzo nami nikamficha, nikamwona mshamba. Mwezi wa nane mtoto wetu amezaliwa hana uhai. Najua ninyi mtasema hivi vitu haviingiliani, hata mimi ningesema hivyo zamani. Lakini silali. Kila nikimtazama mke wangu naona ni mimi nilileta. Naomba jina langu lifutwe kabisa kwenye vitabu vyenu, na mke wangu asipigiwe simu wala asijue.*

Alisoma polepole, kama mtoto, kidole kikifuata mstari.

Baada ya msiba wa mtoto, Anord alikuwa amebadilika. Alikuwa akitoka alfajiri kabla ya chai, akikwepa macho yake, hamtaji mtoto hata siku moja. Sabina alidhani anamlaumu. Alijua na sababu: kwamba alikanyaga cherehani hadi mwezi wa mwisho, msimu wa sare, wakati yeye Anord alimwambia apumzike. Alikuwa ameibeba lawama hiyo miaka miwili bila kumuuliza, akiogopa jibu. Kumbe ng'ambo ya kitanda kile kile mwenzake alikuwa na yake, na ile yake alikuwa ameipata kwake, Sabina, mezani, siku ile alipoondoa kikombe cha mgeni.

"Nilimfuata gerejini," Bujiku alisema. "Mara tatu. Nilitaka kumweleza. Mara ya tatu akaniuliza, Bujiku, una watoto wangapi? Nikamwambia watano. Akasema, basi nenda nyumbani kwako. Sikurudi tena."

Prisca alikuwa amesimama karibu, mikono ameikunja kifuani. "Kwa hiyo, mama, kwa utaratibu..."

"Nimeelewa, mwanangu. Hakuna." Sabina alilifunga faili, kisha akalifungua tena. "Naomba nakala ya hii barua."

Prisca alikwenda kumwomba meneja, akachelewa, akarudi nayo ikiwa bado na joto la mashine.

Saulo alipiga simu kabla Sabina hajafika Uyole. "Vipi, shemeji?"

"Haipo."

"Haipo vipi, na risiti tumeisoma wote?"

"Aliisimamisha mwenyewe."

"Alipata shida gani?" Saulo aliuliza.

"Nitakuja kumsomea mama. Si jambo la simu." Alivuta pumzi. "Na mwisho wa mwaka mnitafutie gari la vitu. Cherehani isipande juu ya viazi."

"Haitapanda," Saulo alisema. "Chumba kipo, shemeji."

Jumamosi, Happy alipokuwa amekwenda kwaya, Sabina alilitandika lile koti mezani. Kiwiko alikimaliza upesi, kwa kiraka cha kaki ile ile. Kisha akageuza ndani nje, akachukua wembe, akaanza kuufumua ule mfuko wa siri, uzi mmoja mmoja, kwa kuwa alikuwa ameushona kwa namna ya kutofumuka. Ilimchukua asubuhi nzima.

Tumpe alikuja na chai yake, akamkuta. Alikuwa ameshaambiwa.

"Unautoa? Si ungemwachia Saulo, aweke vitu vyake."

"Siutoi," Sabina alisema. "Nauhamisha."

Aliuweka kifuani, upande wa kushoto, juu, nje, mahali ambapo mke wa Saulo angeuona kila akifua na mtu yeyote angeuona akipita njiani. Aliupiga mshono mara mbili kuuzunguka. Tumpe aliuinamia mshono. Kisha akasema rangi ya uzi haiendani.

"Najua," Sabina alisema. "Uzi wa kaki umeisha."

Mteja wa kwanza baada ya hapo alikuwa mzee kutoka Igawilo mwenye kitambaa cheupe chini ya kwapa. Sabina aliinuka, akampa pole, akamsindikiza hadi kibanda cha pili. Hilo halikubadilika. Aliporudi alikata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mfuko, akalikunja koti vizuri, akalifunga kwa gazeti tayari kwa safari ya Ifunda.